Si Kambi Iliyompindua Mwanamke

Maneno haya husikika Base Camp, husikika Juru na Rubondo, mitaa ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, na anayepanda gari kutoka huko kwenda mjini Mbarara, kilomita kama 60, hukuta yamemtangulia: kambi imempindua mwanamke. Wanaoyasema si wanaume wakimbizi peke yao. Wachungaji huyasema madhabahuni. Wazee huyasema wanaposuluhisha ugomvi wa ndoa. Wenye nyumba wa mjini huyasema juu ya wasichana waliowaajiri kazi za ndani, na mama wakwe huyasema kwa uchungu kuliko wote.

Hoja yenyewe inastahili kuelezwa kwa haki kabla ya kujibiwa. Inasema kwamba zamani, kabla ya vita, maisha ya mwanamke yalikuwa ngazi yenye vidato vinavyojulikana. Binti alikaa karibu na mama yake akijifunza. Mke alitunza nyumba ambayo mume aliilisha. Mama alilea. Bibi alipumzika, akaheshimiwa, akaulizwa ushauri. Kila umri ulikuwa na kazi yake, na kila kazi ilimwandaa mtu kwa inayofuata. Kisha risasi zikalia Masisi, Fizi na Bujumbura, watu wakavuka mpaka, na mashirika yakamkabidhi mwanamke kadi ya mgao, semina ya haki na mtaji wa kuuza nyanya. Mume asiye na shamba wala ng'ombe wala kazi akabaki jina. Binti alipoona baba hana neno, naye akaacha kusikia. Ndoa zikavunjika. Dawa, wanasema, ni kumrudisha kila mmoja kwenye kidato chake.

Kuna machozi ndani ya hoja hii, na ni machozi ya kweli. Mwanamume aliyeacha shamba la kurithi kwao akapewa kipande cha ardhi asichoweza kukiuza wala kukiachia wanawe amepoteza kitu kikubwa, na hakuna haja ya kumdharau. Ila lawama yake imeelekezwa pasipo pake. Ngazi anayoililia haikuwahi kuwapo. Majukumu ya mwanamke hayakuja kwa zamu. Yalirundikana, na la kwanza halikuondolewa lilipofika la pili. Kambi haikuanzisha mrundikano huo. Imeuweka hadharani tu, mahali ambapo ukuta ni hema na jirani ni mgeni.

Desturi ipi irudishwe?

Swali la kwanza kwa wanaotaka mambo yarudi yalivyokuwa ni hili: yalivyokuwa wapi? Nakivale ilianza mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, ikawa makao ya Watutsi waliokimbia Rwanda. Tangu hapo imepokea Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na Wasudani, na leo wakazi wake ni zaidi ya laki moja. Mwanamke wa Kisomali anayefanya biashara ya nguo Base Camp na mwanamke wa Kishi aliyelelewa kwenye migomba ya Walungu, Congo, hawakufundishwa jambo moja kuhusu mke ni nani. Anayesema "desturi yetu" Nakivale anasema desturi ya mlango mmoja, kisha anaitumia kuhukumu mtaa mzima.

Hata Ankole, nchi iliyowapokea wote hao, haikuwa na jibu moja. Mmisionari John Roscoe, aliyechapisha kitabu chake juu ya Wanyankole mwaka 1923, alieleza jinsi binti wa Kihima, jamii ya wafugaji, alivyoepushwa na kazi nzito na kunyweshwa maziwa mengi ili anenepe kabla ya kuolewa. Kukama ng'ombe kulikuwa mwiko kwa mwanamke wa Kihima. Katika vilima hivyohivyo, binti wa Kiiru, jamii ya wakulima, wa umri uleule alikuwa shambani na jembe mkononi. Wasichana hawa wawili walitenganishwa na mifugo ya baba zao. Umri haukuhusika. Kidato alichosimama kila mmoja kilipangwa na mali ya ukoo, na mali ilipoisha, kidato kilihama.

Mbele kidogo, Ndorwa, kwenye mpaka wa Rwanda, mwanzoni mwa karne ya 20, watu walimfuata Muhumuza, aliyejitambulisha kuwa mjane wa Mwami Rwabugiri wa Rwanda. Alivuka mipaka, akasimama kwa jina la roho Nyabingi, akawapinga Wajerumani na Waingereza. Waingereza walimkamata mwaka 1911 na kumweka Kampala, ambako alifariki mwaka 1945. Kwa mujibu wa hoja ya ngazi, mjane huyo alipaswa kuwa amekaa uani. Wakulima waliokwenda naye vitani hawakuona ajabu yoyote. Wakati huo hapakuwa na shirika hata moja la wakimbizi la kulaumiwa.

Binti anayejifunza

Hapa ndipo hoja ya ngazi inapodhuru zaidi, kwa hiyo panahitaji muda.

Kumwita msichana "anayejifunza" kunaficha kwamba anafanya kazi. Mtoto wa miaka minane aliyembeba mdogo wake mgongoni, dumu la maji mkononi, hafanyi mazoezi ya umama. Aliye mgongoni ni mtoto mchanga kweli, akianguka ataumia kweli, na bila maji hayo jioni hakuna ugali. Mwondoe msichana huyo leo na mama yake hataweza kwenda kibarua kesho. Kaya nzima imeegemea mgongo wake, halafu inamhesabu miongoni mwa watu wasio na kazi.

UNICEF ilitoa hesabu ya dunia mwaka 2016: wasichana wa miaka 5 hadi 14 hutumia muda wa asilimia 40 zaidi kuliko wavulana katika kazi za nyumbani zisizolipwa, zikiwemo kuteka maji na kutafuta kuni. Ukiwajumlisha wote, ni saa milioni 160 zaidi kila siku. Watetezi wa ngazi watasema hayo ni malezi. Kama ni malezi, mbona hayaishi? Hakuna anayehitaji miaka kumi kujua kuteka maji. Na kama ni elimu ya maisha, kaka yake, ambaye naye atakunywa maji na kula chakula kilichopikwa hadi kufa kwake, amekosaje somo hilo?

Kuni ni habari nzito zaidi. Makazi yaliyojaa watu kwa zaidi ya miaka 60 hayana tena miti ya kukata karibu na nyumba. Wasichana na mama zao huenda mbali, mara nyingine hadi kwenye ardhi ya wenyeji, na hatari ya kupigwa au kubakwa njiani inajulikana na kila mzazi anayewatuma. Hatari hiyo imegeuzwa sehemu ya "kujifunza" bila mtu kusimama na kuuliza kwa nini wavulana wamebaki uwanjani na mpira.

Halafu kuna shule. Uganda ilianzisha elimu ya msingi bila ada mwaka 1997, na mpango huo ulipoanza ulihusu watoto wanne kwa kila familia, wawili kati yao wakiwa wasichana. Watoto wa wakimbizi nao huingia katika shule za msingi zilizomo makazini. Madarasa ya chini hujaa wasichana. Kisha, mwaka baada ya mwaka, wanapungua, na sababu haijifichi: mdogo mgonjwa, siku ya kupokea mgao, siku ya kuvuna maharage ya mtu, mama aliyejifungua, taulo za hedhi zisizonunulika. Kila sababu ni ndogo na kila moja ina haraka. Hakuna mzazi aliyekaa akaamua kumwachisha binti yake shule. Uamuzi umefanywa na dumu, na kuni, na mtoto mgongoni.

Uganda ilipofunga shule kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, karibu miaka miwili, ilionekana wazi nafasi ya binti ni ipi akitoka darasani. Hakurudi utotoni. Alirudi kazini, na wengine waliolewa. Takwimu za taifa za afya ya uzazi zinaonyesha kwamba mwaka 2016 asilimia 25 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wamezaa au walikuwa wajawazito. Mwaka 2022 ilikuwa asilimia 24. Hao ni wasichana wa Uganda nzima, wengi wao hawajawahi kuona kambi. Anayedai kwamba ni ukimbizi unaowaharibu mabinti atafute maelezo ya takwimu hiyo kwanza.

Wala asitafute ulinzi katika sheria, za hapa wala za alikotoka. Katiba ya Uganda ya 1995 inataka miaka 18 kwa ndoa. Congo, ambayo Sheria ya Familia ya 1987 ilimruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15, ilipandisha umri huo hadi 18 kwa sheria ya kulinda watoto ya Januari 2009. Burundi inataka 18 kwa mwanamke. Baba anayepokea mahari ya binti wa miaka 16 huko Rubondo akisema "kwetu ndivyo" hana tena kwao panapomkubalia.

Na tazama kinachompata binti huyo siku anapovuka mlango wa ukweni. Aliambiwa asubiri zamu yake. Zamu inafika na majukumu matatu kwa mpigo: bado ni binti, kwa kuwa anamtumikia mama mkwe kama alivyomtumikia mama yake, tena ni mke, na kabla ya mwaka kwisha ni mama. Dumu ni lilelile.

Mume aliyelisha nyumba

Nguzo ya pili ya hoja ni kwamba kabla ya kambi mume alileta riziki na mke alitunza alichokileta. Wakongomani wengi wa Nakivale wanajua kuwa si kweli, maana waliona kwa macho yao nani alikuwa akipanda kutoka ziwani Bukavu na mzigo.

Wanawake wabeba mizigo wa Bukavu, wenye kamba iliyokaza kwenye paji la uso na gunia linalowazidi uzito, walikuwa njiani kabla watu hao hawajawa wakimbizi. Uchumi wa Zaire ya Mobutu ulipoanguka, mshahara wa serikali ukawa hautoshi hata sabuni, na mwalimu na karani wakarudi nyumbani mikono mitupu, ni mke aliyekwenda sokoni na bakuli la unga. Vijijini mambo yalikuwa hivyo hata kabla ya hapo: muhogo, maharage na viazi vililimwa, vikapaliliwa na kuvunwa na wanawake, wakati zao la kuuza na fedha yake vilihesabiwa kuwa vya mume.

Sheria ilisema lake. Sheria ya Familia ya Congo ya 1987 ilimfanya mume kuwa kichwa cha nyumba na kumtaka mke aliyeolewa apate ruhusa yake kabla ya kuingia katika mambo mengi ya kisheria. Sharti la ruhusa liliondolewa Julai 2016 tu. Kwa karibu miaka 30, basi, mwanamke aliyelisha watoto sita kwa mgongo wake hakuweza kutia saini mkataba bila idhini ya mtu aliyekula kutoka sufuria hiyohiyo. Wakisema mpangilio wa zamani ulikuwa wa haki na utulivu, huu ndio mpangilio wanaouzungumzia. Utulivu wake ulitokana na mke kunyamaza.

Mgao ndio mume mpya?

Hoja ya mgao ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mtafiti wa Denmark, Simon Turner, aliyekaa na wakimbizi wa Burundi katika kambi ya Lukole, wilayani Ngara, Tanzania, miaka ya 1990, alikuta wanaume wakilalamika kwamba wake zao wamelifanya shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa kuwa mume bora kuliko wao. Malalamiko hayo yangali hai. Wanaume huyarithishana, Warundi kwa Wakongomani, kambi kwa kambi.

Miaka ya karibuni imeyajaribu malalamiko hayo kwa ukali. Mwaka 2021 mgao wa wakimbizi wa kusini-magharibi mwa Uganda ulishushwa hadi asilimia 40 ya kiwango kamili. Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kugawa kaya katika makundi kwa kipimo cha uhitaji: wahitaji zaidi wapate asilimia 60, wa kati asilimia 30, wengine wasipate kitu. Mei 2025, kwa kukosa fedha, lilikatisha chakula kwa takriban watu milioni moja nchini. Ikiwa mgao ndio uliompa mwanamke kiburi na kumvua mume heshima, basi mgao ulipopungua heshima ingerudi nyumbani. Kilichorudi ni njaa. Mgao ulikatwa, na hakuna kazi hata moja ya mwanamke iliyokatwa pamoja nao. Kuni zilibaki, maji yalibaki, mtoto alibaki, na juu yake kikaongezwa kibarua katika mashamba ya matoke ya Isingiro, au safari ya Mbarara kutafuta nguo za kufua, sahani za kuosha, watoto wa watu wa kulea.

Safari hiyo ya Mbarara inasemwa sana na kufikiriwa kidogo. Msichana wa kazi akiondoka Nakivale, kazi zake za huko hazimfuati. Zinamshukia mdogo wake wa kike. Mshahara wa msichana wa mjini unawezekana kwa sababu mtoto wa miaka tisa kule nyuma ameacha daftari.

Wapo pia wasiokuwa na mume wa kuvuliwa heshima. Karibu asilimia 80 ya wakimbizi waliomo Uganda ni wanawake na watoto. Wengi wa wanawake hao waume zao waliuawa, walitekwa, walibaki kuchunga mali, au walikwenda Kampala na simu zao zikazimika. Kuwaambia wanawake hao warudi kwenye kidato cha mke ni kuwaambia warudi kwa mtu asiyekuwapo.

Bibi anayepumzika

Bibi huyu hutajwa sana na haonekani. Mwanamke wa miaka 60 Nakivale mara nyingi ana watoto wadogo ndani ya nyumba: wa binti aliyekufa Congo, wa mwana aliyehama, wa mjukuu aliyezaa akiwa shuleni. Amerudia kuosha nepi na kukesha na homa, magoti yakimuuma. Kwa hesabu ya ngazi, huyu amefika juu.

Sifa zinazoongeza mzigo

Wapinzani wa hoja ya ngazi nao wana kosa lao, na lisipotajwa picha haikamiliki. Mashirika hayamlilii mwanamke wa zamani. Yanamsifu wa sasa. Ni shujaa, ni mstahimilivu, ni nguzo ya jamii. Kisha yanamkabidhi jukumu jingine. Anachaguliwa kwenye kamati ya maji. Anawekwa kwenye kikundi cha akiba, kile ambacho Wakongomani wa magharibi wanakiita likelemba na Wanyarwanda ikimina, na anatakiwa kukutana kila wiki. Anahamasisha usafi. Anaingia katika timu ya afya ya kijiji, utaratibu ambao Uganda imeutegemea tangu 2001 na ambao msingi wake ni kujitolea. Anaalikwa semina mchana, saa ambazo kuni hazijaja.

Vikundi vya akiba vimewasaidia wengi na madarasa ya watu wazima yamewafundisha wengi kusoma. Hilo halina ubishi. Lakini mradi unaohesabu wanawake waliohudhuria bila kuuliza nani alibaki na watoto wao unaamini kitu kilekile anachokiamini mchungaji: kwamba muda wa mwanamke hauna mwisho. Mmoja anautaka jikoni, mwingine mkutanoni, na hakuna kati yao aliyemwondolea kazi moja. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikadiria mwaka 2018 kwamba wanawake hufanya zaidi ya robo tatu ya saa zote za kazi za utunzaji zisizolipwa duniani. Hizo saa ndizo mtaji ambao kila mradi hukopa bila kurudisha.

Jina lililo kwenye karatasi

Pamoja na kazi zote hizo, mwanamke anaposimama mbele ya dawati la Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia wakimbizi, anaonekana kupitia kaya yake. Mume akiwa ndiye mkuu wa kaya kwenye faili, kisha akaoa mwingine au akahamia mjini na karatasi, mke hubaki akiomba ahesabiwe peke yake: ushahidi, foleni, kurudishwa, kuja tena. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 ina kifungu maalumu kinachompa mwanamke mkimbizi haki sawa katika taratibu za ukimbizi. Kifungu hicho hakina nguvu mpaka karani akitumie.

Ardhi ni hivyohivyo. Burundi hadi leo haina sheria ya mirathi inayompa binti sehemu ya shamba la baba yake, na desturi humpa kaka. Mwanamke Mrundi wa Juru aliyelima kwao miaka 20 akirudi anarudi kama mgeni. Rwanda ilikuwa vivyo hivyo hadi Novemba 1999, ilipotunga sheria iliyompa mtoto wa kike haki ya kurithi, baada ya mauaji ya 1994 kuacha wajane na yatima wa kike wasioweza kudai hata kiwanja walikozaliwa. Waziri wa familia na wanawake kati ya 1994 na 1999 alikuwa Aloisea Inyumba, mtoto wa wakimbizi aliyekulia Uganda, akasoma Makerere, akashika fedha za chama cha RPF kabla ya kushika wizara. Alitoka katika ukimbizi huohuo unaosemekana kuwapotosha mabinti.

Tukirudi kwa binti, kinachotakiwa kinajulikana na hakihitaji semina mpya. Mwaka 2020 Wizara ya Elimu ya Uganda ilitoa mwongozo unaosema msichana aliyepata mimba apewe likizo na arudishwe darasani baada ya kujifungua. Mwongozo huo unazihusu shule za Nakivale kama unavyozihusu za Mbarara. Mwalimu mkuu anayemfukuza msichana huyo anaukiuka, na wazazi wana haki ya kulipeleka suala hilo kwa afisa elimu wa wilaya, Isingiro. Lakini ili msichana huyo akae darasani hadi saa kumi, lazima mtu mwingine katika kaya ambebe mtoto, na lazima mtu mwingine ateke maji. Baba yupo. Kaka yupo.